Habari za Neno Kiitikio

1. Gogo la bondeni

Kwenye miteremko ya mlima Rungwe, katika Nyanda za Juu Kusini, mvua hunyesha sana, na njia za msituni huwa na utelezi karibu mwaka mzima. Hapo palikuwa na shule moja ya misheni, nayo paa lake lilikuwa limeoza. Wazee wa kijiji wakatoa gogo moja refu lililolala bondeni kando ya mto, ili lipasuliwe boriti. Basi wavulana 30 wa madarasa ya juu wakatumwa kwenda kulivuta.

Wakalifunga kwa kamba mbili nene, wakajipanga safu mbili. Mmoja wao, mdogo kuliko wote, akawekwa nyuma ya gogo. Kazi yake ilikuwa kutia jiwe chini ya gogo kila lilipopanda, lisirudi. Kisha wakamchagua mwenzao mmoja aongoze wimbo, kwa kuwa sauti yake ilikuwa nzuri kupita za wote, na yeye mwenyewe alijua hivyo. Akaanza:

Gogo la bondeni! — Panda juu!
Paa lakungoja! — Panda juu!
Mvua yakaribia! — Panda juu!

Yeye alisema maneno ya kwanza, na wote wakaitikia kwa maneno mawili, "Panda juu!" Kila walipofika kwenye "juu" mikono yote ilivuta mara moja, na gogo likapanda hatua moja. Hivyo wakafika katikati ya mlima, nao wakapumzika.

Hapo yule kiongozi akageuka, akawaambia wenzake, "Bila mimi gogo hili lingalioza mtoni. Ninyi kazi yenu ni kusema maneno mawili tu, na hata kasuku huyaweza."

Wenzake hawakumjibu, lakini walitazamana. Waliposhika kamba tena, akaimba, "Gogo la bondeni!" Hakuna aliyeitikia. Akaimba mara ya pili, wakanyamaza. Kila mtu akavuta kwa wakati wake: huyu anavuta, yule anapumua. Gogo likasimama, likatikisika, kisha likaanza kurudi. Kamba zikapita mikononi mwao na kuwachuna ngozi. Yule mdogo wa nyuma akaruka kando, na gogo likapita juu ya lile jiwe alilokuwa amechutama penye hilo. Likashuka hatua nyingi, hata likazuiwa na kisiki.

Mzee mmoja alikuwa njiani na jembe begani, naye aliyaona yote. Akawauliza, "Wajukuu zangu, wimbo wenu nimeusikia tangu mtoni. Mbona umekufa njiani?"

Kiongozi akasema, "Babu, mimi sikunyamaza. Walionyamaza ni wao."

"Kweli, wewe uliimba. Je, gogo lilipanda?"

"La, babu."

Mzee akawageukia wale wengine. "Nanyi mlitaka kumwadhibu mwenzenu mmoja. Je, aliyetaka kusagwa na gogo alikuwa yeye?"

Wote wakamtazama yule mdogo, ambaye hakumkosea mtu. Alikuwa bado ameshika jiwe mkononi, na mkono ulikuwa ukitetemeka. Hakuna aliyesema neno.

Mzee akaliweka jembe lake chini, akashika ncha ya kamba, akamwambia kiongozi, "Anza." Mvulana akaanza kwa sauti ndogo, nao wakaitikia, na sauti ya mzee iliyokwisha kupasuka ikasikika katikati ya sauti zao. Gogo likafika shuleni kabla ya jua kuchwa.

Maneno yale mawili, "Panda juu", yaliyodharauliwa na kiongozi, yana jina lake katika lugha. Ndiyo yaitwayo kiitikio. Somo hili laeleza jina hilo limetoka wapi, na majina mengine ya jambo hilohilo yametoka wapi.

2. Kuitika

Neno kiitikio limezaliwa na tendo la kuitika. Mtu akiitwa kwa jina lake huitika, "Naam," au "Labeka," au "Bee." Asiyeitika, ama hayupo, ama hakusikia, ama ana jambo moyoni. Kwa hiyo kuitika si kutoa sauti tu, bali ni kumjulisha aliyeita ya kuwa upo, umesikia, na u pamoja naye.

Kutokana na kuitika limetoka kuitikia, yaani kumjibu mwenye kuimba au mwenye kusema. Kutokana na kuitikia limetoka kiitikio. Mwanafunzi atazame neno jingine lililoundwa vivyo hivyo. Fagia hutoa kifagio, nacho ni kitu cha kufagilia. Kadhalika itikia hutoa kiitikio, nacho ni kitu cha kuitikia. Kwa hiyo jina hili ladai watu wawili tangu mwanzo, mmoja wa kuita na mwingine wa kujibu. Mtu aliye peke yake jangwani aweza kuimba, lakini hana wa kumwitikia.

Desturi hii haipatikani katika nyimbo tu. Mgeni mlangoni husema, "Hodi," na mwenye nyumba hujibu, "Karibu." Msimulizi wa hadithi husema, "Paukwa," na wasikilizaji huitikia, "Pakawa." Asipoitikiwa hujua kwamba watoto wamelala, naye huacha hadithi yake. Katika Iringa na Njombe, Wahehe na Wabena husalimiana kwa neno "Kamwene," na anayesalimiwa hulirudisha neno lilelile kwa mwenziwe. Huko Unyakyusa jibu la salamu nyingi ni "Ndaga," ambalo pia ni neno la shukrani. Mtoto wa Nyanda za Juu hujifunza kuitikia kabla hajajifunza kuongoza, na kwa kweli hujifunza kuitikia kabla hajajua kusema sawasawa.

Tena liko kabila zima ambalo jina lake lasemekana limetokana na sauti ya watu wengi. Watu wengi hueleza kwamba Wahehe waliitwa hivyo kwa sababu ya ukelele wao wa vita, "Hee! Hee!", ambao maadui waliusikia kabla ya kuiona mikuki. Mnamo tarehe 17 Agosti 1891, majeshi ya Mtwa Mkwawa yaliwashinda askari wa Kijerumani huko Lugalo, karibu na Iringa. Jina la washindi hao lilikuwa ni sauti iliyotolewa na wengi kwa pamoja.

3. Kubwaga mzigo

Kiswahili kina neno la pili kwa jambo hilohilo, nalo ni kibwagizo. Neno hili ni la mzizi mmoja na kubwaga, yaani kutupa chini kitu kilichobebwa begani au kichwani. Bwaga hutoa bwagiza, na bwagiza hutoa kibwagizo, kama vile tuliza hutoa kitulizo.

Ili kuifahamu picha iliyomo katika neno hili, yafaa kuwakumbuka wapagazi wa zamani. Kabla ya reli na motokaa, mali zote za safari zilichukuliwa na watu. Mzigo wa mtu mmoja ulikuwa kwa kawaida wa ratili 60 au 70, naye aliuchukua siku baada ya siku, mlima na bonde. Mwaka 1879 msafara aliokuwamo Joseph Thomson, kijana wa Scotland, uliondoka Dar es Salaam ukiwa na wapagazi wapata 150. Mnyapara wao alikuwa Chuma, yule aliyekuwa pamoja na Livingstone mpaka kufa kwake. Walipita Uhehe na Ubena, wakashuka mpaka pwani ya kaskazini ya ziwa Nyasa. Wapagazi wa misafara ya siku zile walikuwa na desturi ya kuimba njiani, mmoja akitoa maneno na wengine wakiyapokea, maana wimbo uliwapa miguu yote mwendo mmoja. Walipofika mahali pa kulala walibwaga mizigo, na mahali hapo paliitwa kituo.

Sasa msomaji amtazame kiongozi wa wimbo. Yeye naye ana mzigo. Maneno yote mapya yamo kichwani mwake. Ni lazima akumbuke, atunge, alingane na mapigo, wala asisimame. Afikapo mwisho wa ubeti huubwaga mzigo huo, na wenziwe wengi huuokota. Wakati wanapoimba wao, yeye huvuta pumzi na kutafuta maneno ya ubeti ufuatao. Mwenye kuongoza asiyeitikiwa hana mahali pa kubwaga, naye huchoka upesi.

Washairi wa Kiswahili hutumia majina hayohayo. Katika shairi la mistari minne kwa kila ubeti, mstari wa mwisho huitwa kituo, kwa jina lilelile la mahali pa mapumziko ya wasafiri. Kama mstari huo hubadilika katika kila ubeti, huitwa pia kimalizio au kiishio. Lakini kama hurudiwa vilevile tangu ubeti wa kwanza mpaka wa mwisho, ndio uitwao kibwagizo au kiitikio. Wengine huuita mkarara. Kazi yake ni kulirudisha wazo kuu la shairi, msikilizaji asilipoteze njiani.

4. Neno la Wayunani

Watu wa siku hizi husema pia korasi, na tena husema kwaya. Maneno haya mawili hayafanani kwa sauti, lakini ni ndugu wa baba mmoja. Baba yao ni neno la Kiyunani lisemwalo khoros.

Hapo kale, katika nchi ya Uyunani, ndiyo Ugiriki ya leo, khoros halikuwa jina la sehemu ya wimbo. Lilikuwa jina la ngoma yenyewe na la watu waliokuwa wakicheza na kuimba pamoja. Katika mji wa Athene palikuwa na sikukuu kubwa kila mwaka, na makabila 10 ya mji huo yalishindana kwa kuimba. Kila kabila lilitoa kundi la wanaume 50 na kundi la wavulana 50. Ukihesabu waimbaji wote wa makundi hayo, utapata watu 1,000. Hawakuwa watu wa kuajiriwa, bali raia wa mji. Gharama za mafundisho na mavazi yao zililipwa na matajiri waliochaguliwa, na tajiri aliyefanya kazi hiyo vizuri aliheshimiwa.

Katika sikukuu hiyohiyo Wayunani walionyesha michezo ya kuigiza. Mapokeo yao husema kwamba mtu mmoja aitwaye Thespis alijitenga na kundi la waimbaji, akasimama peke yake na kusema nao kana kwamba yeye ni mtu wa hadithi inayoimbwa. Ndivyo alivyopatikana mwigizaji wa kwanza. Msomaji aangalie jambo hili: katika michezo ile kundi lilitangulia, na mtu mmoja akatoka katika kundi.

Mtungaji mkuu wa michezo hiyo, Sophocles, aliyeishi katika karne ya 5 kabla ya Kristo, asemekana ndiye aliyeongeza watu wa kundi kutoka 12 hadi 15. Katika mchezo wake mashuhuri wa mfalme Edipode, kundi ni wazee wa mji wa Thebes. Husimama uwanjani, husikia maneno ya mfalme, humshauri, huogopa kwa ajili yake, na humlilia anapoanguka. Mtu yeyote aliyewahi kukaa barazani mwa mtwa au mwa chifu, akawaona wazee wakiguna na kuitikia, atawafahamu wazee hao mara moja. Mchezo huo unasomeka kwa Kiswahili, kwa kuwa Samuel Mushi aliutafsiri na ukatolewa mwaka 1971 kwa jina la Mfalme Edipode.

Mahali walipocheza waimbaji hao, mbele ya watazamaji, paliitwa orkhestra, maana yake uwanja wa kuchezea. Leo neno hilo limekuwa okestra, nalo ni jina la bendi ya muziki. Hivyo ndivyo maneno yanavyosafiri. Huondoka nyumbani yakiwa jina la uwanja, hufika ugenini yakiwa jina la watu.

5. Safari ya kufika Nyanda za Juu

Warumi walilichukua neno la Wayunani, wakaliandika chorus kwa Kilatini. Kanisa la Magharibi lilipotumia Kilatini, neno hilo likawa jina la waimbaji wa ibada, kisha likawa pia jina la mahali walipokaa ndani ya kanisa. Katika nyumba za watawa, waimbaji hao waligawanyika pande mbili wakielekeana. Upande huu uliimba mstari mmoja wa zaburi, na upande ule ukaitikia kwa mstari wa pili.

Wafaransa wa zamani walilifupisha neno hilo katika vinywa vyao, na Waingereza wakalipokea kwao. Kwa njia hii likawa choir, na Kiswahili kikaliita kwaya. Baadaye, katika karne ya 16, wasomi wa Uingereza wakalichukua neno lilelile mara ya pili, safari hii moja kwa moja kutoka katika vitabu vya Kilatini, nalo likabaki chorus. Kwa njia hiyo likaja kuwa korasi. Ndiyo sababu ndugu hawa wawili hawafanani. Mmoja alisafiri kwa miguu na kusuguliwa na njia, na mwingine alichukuliwa ndani ya kitabu.

Katika nchi ya Waingereza korasi ilipata maana nyingi, nazo ni hizi:

Kwanza, kundi la waimbaji na wachezaji wa michezo ya Wayunani.

Pili, mtu mmoja anayetoka mbele ya watazamaji kuwaeleza habari za mchezo. Ni ajabu kwamba neno la watu wengi lilipewa mtu mmoja, lakini ndivyo Shakespeare alivyofanya katika mchezo wake wa mfalme Henry wa Tano, mnamo mwaka 1599.

Tatu, kundi kubwa la waimbaji wanaoimba pamoja kwa sauti mbalimbali.

Nne, sehemu ya wimbo inayorudiwa baada ya kila ubeti. Sehemu hiyo iliitwa hivyo kwa sababu ndiyo iliyoimbwa na kundi zima. Jina lilitoka kwa watu likashika maneno wanayoyaimba.

Wakristo wa Afrika Mashariki wameongeza maana ya tano. Husema korasi, au pambio, wakitaja wimbo mfupi wa kanisani ambao wote waujua kwa moyo na kuurudia mara nyingi, wala hauhitaji kitabu.

Neno hili lilifika Nyanda za Juu kwa milango zaidi ya mmoja. Mwaka 1891 wamisionari wa Moravian walianza kazi Rungwe, na mwaka huohuo Walutheri wa Berlin wakaanza kazi katika nchi hiyohiyo ya Konde, kisha wakaenea Ukinga, Ubena na Uhehe. Hao walikuwa Wajerumani, nao waliliita kundi la waimbaji Chor, ambalo ni neno lilelile la Kiyunani katika vazi la Kijerumani. Mwishoni mwa karne hiyo watawa Wabenedikto wakajenga Tosamaganga, karibu na Iringa, wakiwa na Kilatini chao. Kisha mwaka 1916, katika Vita Kuu ya Kwanza, Waingereza wakaziteka Tukuyu na Iringa, na neno lao la choir likafuata nyuma yao. Kwa hiyo katika miaka isiyozidi 30, neno moja la Wayunani liliingia nchi hii kwa Kijerumani, kwa Kilatini, na kwa Kiingereza.

Lakini halikukuta nyumba tupu. Jambo lenyewe lilikuwapo zamani. Watu walilima pamoja mashamba ya wenzao, walivuta magogo, walitwanga, walioza na kuzika, na katika kazi hizo mmoja aliongoza na wengine wakaitikia.

6. Nyimbo zenye kiitikio na zisizo nacho

Isidhaniwe kwamba kila wimbo wa wenyeji una kiitikio. Wahehe wana chombo kiitwacho ligombo. Ni ubao uliochongwa kama hori, wenye uzi uliopitishwa juu yake mara nyingi, na kibuyu cha kuikuza sauti. Mpigaji huketi, hupiga, na huimba peke yake habari za watu na za zamani, na wengine husikiliza. Mwaka 1950 Hugh Tracey, aliyekusanya nyimbo katika nchi nyingi za Afrika, alinasa sauti ya ligombo huko Uhehe, na sauti hiyo ingali yasikika. Wimbo wa namna hii ni wa kusikilizwa, kwa sababu ndani yake mna habari ndefu ambazo mtu mmoja amezihifadhi.

Lakini wimbo wa kazi, wa ngoma, wa harusi na wa ibada ni wimbo wa kuitikiwa. Katika Kanisa Katoliki, baada ya Mtaguso wa Pili wa Vatikano wa miaka 1962 hadi 1965, Misa ilianza kusomwa kwa lugha za watu. Tangu hapo zaburi inayofuata somo huimbwa na mmoja kwa Kiswahili, na watu wote hupokea kiitikio chake. Bibi kizee asiyejua kusoma huimba sehemu yake sawasawa na mwalimu, kwa kuwa kiitikio ni kifupi, naye hukisikia mara moja akakishika.

Mfano ulio karibu zaidi ni wimbo wa taifa. Sauti yake ilitungwa mwaka 1897 na Enoch Sontonga, mwalimu wa shule ya misheni huko Afrika Kusini. Tanganyika iliuchukua kuwa wimbo wake ilipopata uhuru mwaka 1961. Una beti mbili. Ubeti wa kwanza huiombea Afrika, wa pili huiombea Tanzania, na kila mmoja una kiitikio chake. Maneno ya viitikio hivyo viwili ni yaleyale, ila palipotajwa Afrika hutajwa Tanzania. Mtoto aliyesimama Tunduma, mpakani, aweza kuwasikia wenzake wa Zambia ng'ambo wakiimba sauti hiyohiyo kwa maneno mengine, kwa kuwa nchi yao nayo iliichukua mwaka 1964. Afrika Kusini nayo huiimba katika wimbo wake wa taifa. Sauti aliyoitunga mwalimu mmoja imepata waitikiaji katika nchi tatu.

7. Kiitikio ni cha nani?

Liko jambo moja la kuangaliwa. Kwaya ni kitu chema. Imewafundisha wengi kusoma noti, kusimama kwa utaratibu, na kuunganisha sauti nne bila ugomvi. Vijana wa Mbeya na Iringa huenda mbali kwa ajili ya mashindano ya kwaya, nao hujuana na wageni kwa njia hiyo. Lakini mahali pengine kwaya imezidi kazi yake. Huimba ubeti, tena huimba na kiitikio, na watu waliojaa nyuma yake hukaa kimya kama wageni katika nyumba yao. Mzee aliyezoea kuitikia tangu utoto huketi amefumba midomo, kwa sababu wimbo una sauti ngumu na hakuna aliyemwachia nafasi.

Katika ngoma ya zamani mtu wa pembeni alikuwa na sehemu yake. Asipocheza alipiga makofi, asipopiga makofi aliitikia. Majina ya lugha yenyewe yaonyesha njia. Kwaya ni jina la kundi. Kiitikio ni jina la tendo, na tendo hilo ni la kila mwenye masikio na pumzi. Kwaya yenye busara huimba beti zake kwa ustadi, kisha huwageukia watu na kuwaachia kiitikio chao.

Nao watu wakiachiwa, wakubali. Wale wavulana wa Rungwe walikuwa na haki ya kumkasirikia kiongozi wao, maana aliwadharau. Lakini waliponyamaza, aliyekuwa hatarini si kiongozi. Alikuwa ni mdogo wao aliyekuwa nyuma ya gogo na jiwe lake mkononi, akingoja kusikia "juu" ili ajue wakati wa kulitia.

MAANA YA MANENO

Boriti: mti mnene unaolazwa juu ya kuta ili kuchukua uzito wa paa.
Hori: chombo cha mti kilichochongwa katikati, kama kile cha kulishia wanyama.
Mapokeo: habari zilizopokewa kutoka kwa watu wa zamani.
Mnyapara: msimamizi wa wapagazi au wa watu wa kazi.
Mtwa: mtawala wa Wahehe.
Ratili: kipimo cha uzito, karibu nusu ya kilo.
Ubeti: fungu moja la mistari ya wimbo au shairi; wingi wake ni beti.

MASWALI

1. Kwa nini gogo lilirudi chini, ingawa kiongozi hakuacha kuimba?
2. Mzee alimuuliza kiongozi swali gani, na wengine swali gani? Eleza kwa nini hakuwauliza swali moja.
3. Eleza jinsi neno kiitikio lilivyoundwa kutokana na kuitika. Taja neno jingine lililoundwa vivyo hivyo.
4. Kiongozi wa wimbo amefananishwaje na mpagazi?
5. Kuna tofauti gani kati ya kimalizio na kibwagizo katika shairi?
6. Kwaya na korasi ni ndugu. Mbona hayafanani?
7. Taja maana tano za neno korasi.
8. Ulizeni wazee wa nyumbani wimbo mmoja wa kulima, wa kutwanga au wa kuvuta. Andikeni maneno ya kiongozi upande mmoja na kiitikio upande wa pili, kisha uimbwe darasani, kila mwanafunzi aongoze ubeti mmoja na kuitikia beti za wenzake.